Bangili na soli za umeme wa mwili zikigoma Lamu: dalili, sababu na dawa

Mtu aliyekaa kitako barazani, hafanyi lolote, mwili wake hutoa joto la karibu wati 100. Namba hiyo ndiyo inayowavutia watu, na ndiyo inayowapoteza. Umeme hautoki kwenye joto, unatoka kwenye tofauti ya joto kati ya pande mbili za kigae cha kuzalishia umeme kilichomo ndani ya bangili. Lamu wakati wa kaskazi tofauti hiyo ni haba: ngozi ya kifundo cha mkono ina nyuzi 33 hivi, hewa ina 30. Ndiyo maana bangili iliyowasha kipimajoto Nairobi asubuhi ya nyuzi 18 ikifika Langoni inanyamaza, na mwenyewe anaanza kubadilisha bodi ambayo haina kosa.

Mwongozo huu unahusu vifaa vitatu ambavyo watu hujaribu zaidi: bangili ya kigae cha Peltier (kibapa kinachotoa umeme upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine), soli ya visahani vya piezo (visahani vinavyotoa umeme vikipindwa), na tochi ya kutikisa. Anza na dalili unayoiona, usianze na kifaa cha kununua.

Mita kwanza

Mita ndogo ya njano ya aina ya DT830, ambayo kila fundi anayo, ina ukinzani wa ndani wa megaomu 1. Kwa kigae cha Peltier hilo halina madhara yoyote, kwani kigae chenyewe kina omu 2 tu. Weka kwenye kipimo cha milivolti 200 na utasoma hadi sehemu ya kumi ya milivolti. Kwa piezo mita hiyohiyo ni mwizi, na tutamrudia mwizi huyu kwenye soli.

Usipime ukinzani wa kigae kikiwa mkononi. Kigae chenye joto upande mmoja kina volti zake, na volti hizo huivuruga mita. Kiache mezani kivulini nusu saa, pima, geuza nyaya za mita, pima tena, kisha chukua wastani wa namba mbili. Kigae cha kawaida, TEC1-12706, kikiwa kizima husoma karibu omu 2. Ukipata megaomu au namba inayorukaruka ukikibonyeza, ndani kuna kiungo kilichokatika na hakuna dawa isipokuwa kigae kingine.

Bangili: mita inasoma milivolti 10 hadi 15, kipandisha volti hakiamki

Hii ndiyo dalili ya Lamu hasa. Tuchukue bangili ya kawaida: kigae kimoja cha TEC1-12706 cha milimita 40 kwa 40 kilichotolewa kwenye mashine ya maji baridi, mapezi ya alumini ya kutolea joto ya milimita 60 kwa 60 juu yake, na bodi ya LTC3108 (chipu ya kupandisha volti) yenye transfoma ya 1 kwa 100.

Kigae hiki kina jozi 127 za vipande vya kuzalisha umeme na hutoa takriban milivolti 50 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukisikia hivyo unadhani nyuzi 3 za Lamu zitakupa milivolti 150. Hazitakupa. Joto linapita kwanza kwenye nyama na ngozi, kisha kwenye kigae, kisha kwenye mapezi hadi hewani, na kila hatua inakata sehemu yake. Ngozi na mapezi kila kimoja kina ukinzani wa joto wa karibu nyuzi 10 kwa wati, kigae kina chini ya 2. Kwa hiyo kigae hupata asilimia 8 hivi ya tofauti yote. Asilimia 8 ya nyuzi 3 ni robo ya nyuzi, yaani milivolti 12. Nairobi, kwa nyuzi 15 za tofauti, hesabu hiyohiyo inatoa milivolti 60.

LTC3108 huamka kwa milivolti 20 kwenye mlango wake, na bodi nyingine hudai hadi 50. Tena, bodi ikianza kunywa, volti ya kigae hushuka karibu nusu. Kwa hivyo shika namba hii: kama mita haijasoma milivolti 40 kigae kikiwa wazi, bila bodi, usitegemee kitu.

Dawa zipo, na mpangilio wake ni huu, wa bei rahisi mbele.

Funika mapezi kwa kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa maji baridi ya kunywa. Maji ya bahari hapana, chumvi itabaki kwenye alumini. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kitambaa hicho chenye upepo hushuka hadi nyuzi 26 au 27, kwa kanuni ileile inayoupoza mtungi. Tofauti yako imeruka kutoka nyuzi 3 hadi 6 au 7. Kibarazani kusiko na upepo faida ni ndogo, gatini au juu ya mashua ni kubwa.

Kisha badilisha kigae. Tarakimu mbili za mwisho za jina ni ampea za juu kabisa: 06 ni ampea 6, 03 ni ampea 3. Wauzaji watakusukumia 12706 au hata 12710 kwa sababu zinapoza zaidi, lakini kwa kazi hii unataka kinyume chake. TEC1-12703 hupitisha joto karibu nusu ya 12706, kwa hiyo hubakiza karibu mara mbili ya tofauti kati ya pande zake. Ukinzani wake wa umeme nao ni mkubwa zaidi, omu 4 hivi, na LTC3108 yenye mlango wa karibu omu 2.5 hadi 3 bado inaelewana nao. Ukikosa 12703, panga 12706 mbili moja juu ya nyingine, grisi ya joto katikati, nyaya mfululizo: chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Matokeo yanakaribiana. Kwa nyuzi 3 utapata milivolti 22, na ukiongeza kitambaa cha maji utapita 45. Hapo bodi inaamka.

Mwisho kabisa ongeza mapezi. Mapezi makubwa husaidia, lakini bangili inageuka tofali, na mtu hatalivaa.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaridhika: skurubu. Bamba la chini na mapezi ya juu yakibanwa kwa skurubu nne za chuma, joto hupita kwenye skurubu na kukiacha kigae kando, na volti hupungua kwa kiasi cha kuonekana kwenye mita. Tumia skurubu za plastiki, au funga kwa uzi wa nailoni, na jaza povu pembeni mwa kigae ili hewa ya moto ya ngozi isipande moja kwa moja hadi kwenye mapezi.

Bangili: inaanza na milivolti 80, baada ya dakika mbili imekufa

Hakuna kilichoharibika. Mapezi yalikuwa baridi, yakapokea joto la mkono, yakajaa. Sasa pande zote mbili zinakaribiana. Namba ya sekunde kumi za kwanza haina maana yoyote kwa kifaa cha kuvaa, ingawa ndiyo inayoonyeshwa kwenye video. Vaa bangili, kaa robo saa, ndipo upime. Tochi ya kushika mkononi ya Ann Makosinski wa Kanada, iliyoshinda kundi la umri wake katika Google Science Fair mwaka 2013, ilitumia uwazi katikati ya bomba ili hewa ipite na kupoza ndani. Bila njia ya joto kutoka, nayo ingezimika vilevile.

Kwa majaribio ya mezani unaweza kutumia barafu ya wauza samaki: ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iweke juu ya mapezi, kiganja chini. Ikiwa hata kwa barafu huoni zaidi ya milivolti 100, kosa si hali ya hewa tena. Angalia kama grisi ya joto imepakwa pande zote mbili na kama kigae kimekaa sawasawa.

Bangili: mita inaonyesha alama ya hasi

Ama umegeuza nyaya, ama upande wa nje umekuwa moto kuliko ngozi. Mapezi meusi juani, ukiwa kwenye mashua ya Mokowe saa sita mchana, hupita nyuzi 45 bila shida. Joto sasa linaingia mwilini, na umeme unageuka. LTC3108 haipokei volti za kinyume. LTC3109 hupokea pande zote mbili, kuanzia milivolti 30 hivi, na kwa mtu anayeshinda nje ndiyo bodi ya kununua. Ukiwa na 3108 tu, paka mapezi rangi nyeupe nyembamba au yafunike kwa mkono wa kanzu. Kusema kweli umeme huo wa juani ni wa jua, si wa mwili, na seli ndogo ya sola ingekupa mwingi zaidi.

Bangili: wazi ni milivolti 50, ikiungwa na bodi inaanguka hadi 8

Kushuka nusu ni sawa. Kushuka hadi 8 maana yake kuna omu kadhaa zimejificha njiani. Chanzo chako kina omu 2 tu, kwa hiyo kishikio cha mamba chenye kutu ya omu 3 kinakula zaidi ya chanzo chenyewe. Ubao wa majaribio wa matundu haufai hapa kabisa. Unga nyaya kwa risasi moja kwa moja, ziwe fupi kuliko sentimita 10, na zisiwe nyembamba kama unywele.

Kwa Lamu mshukiwa mwingine ni ukingo wa kigae. Vigae vingi havijazibwa pembeni, na hewa ya bahari huingia hadi kwenye viungo vya ndani. Ziba ukingo kwa silikoni, lakini chagua isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na hula shaba.

Bangili: bodi imeamka lakini volti 3.3 hazifiki

LTC3108 hujaza kwa zamu: kwanza kapasita (kihifadhi cha chaji) inayoiendesha chipu yenyewe, kisha tokeo dogo la volti 2.2, kisha tokeo kuu la VOUT, na akiba ya VSTORE mwisho. Wengi huweka superkapasita, yaani kapasita kubwa ya akiba, ya faradi 0.1 kwenye VOUT. Kuijaza hiyo hadi volti 3.3 ni jouli 0.54, na kwa bangili inayotoa mikrowati 50 ni saa tatu. Weka mikrofaradi 220 hadi 470 kwenye VOUT na uhamishie superkapasita kwenye VSTORE. Angalia pia jinsi pini za VS1 na VS2 zilivyounganishwa, maana ndizo zinazochagua kati ya volti 2.35, 3.3, 4.1 na 5. Bodi ikija imefungwa kwenye 5, ibadili, kwani saa ndogo haihitaji hivyo.

Soli: mita haionyeshi chochote

Kisahani cha piezo cha milimita 27, kile cha rangi ya shaba chenye duara jeupe kilichomo kwenye vidoli na kengele za milango, ni kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Ukikipinda hutoa volti 20 au zaidi, kwa mpigo mmoja. Kupitia megaomu 1 ya mita, mpigo huo umekwisha katika sekunde 0.02, kabla tarakimu hazijageuka. Pima baada ya daraja la dayodi (dayodi nne zinazoelekeza umeme upande mmoja) na kapasita, siyo kisahani chenyewe.

Soli: kapasita inapanda hadi volti 2 hivi na kukwama

Hapa panataka hesabu kidogo. Kisahani kimoja kikipindwa hadi volti 20 kina mikrojouli 4 tu, yaani sehemu nne za milioni za jouli moja, na chaji ya takriban mikrokulombu 0.3 inayofika kwenye kapasita. Visahani sita, hatua moja kwa sekunde kwa mguu mmoja, ni wastani wa mikroampea 1.8. Sasa weka njia ya uvujaji ya megaomu 1 popote pale. Mikroampea 1.8 ikipita kwenye megaomu 1 ni volti 1.8. Kapasita itapanda hapo na isisogee, hata utembee kutoka Mkomani hadi Shela.

Megaomu hiyo iko wapi? Mara nyingi ni mita uliyoiacha imeunganishwa. Iondoe, tembea hatua 200, gusa mara moja na usome namba ya kwanza kabla haijaanza kushuka. Ikiwa imepanda, tatizo limeisha.

Ikiwa bado, angalia dayodi. Watu hupenda 1N5817 kwa sababu haili volti nyingi, lakini huvuja vibaya, na uvujaji wa dayodi huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwa piezo weka 1N4148: inakula volti 0.6, jambo ambalo kwa volti 20 si kitu, na uvujaji wake ni wa nanoampea. Kisha kapasita: ya elektroliti ya mikrofaradi 100 inaruhusiwa na kiwanda chake kuvuja mikroampea kadhaa. Tumia ya keramiki ya mikrofaradi 47, ya volti 16 au 25, kwa sababu keramiki ya volti ndogo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikikaribia kikomo.

Halafu chumvi. Jasho la mguu na hewa ya pwani huacha utando usioonekana kati ya nyaya za bodi, na utando huo unatosha kabisa kuwa megaomu 1. Sugua kwa brashi ya meno na spiriti, kausha kwa hewa ya joto, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili. Acha sehemu za kupimia wazi, vinginevyo utaikwangua kesho.

Soli: kapasita inafika volti 4, LTC3588 haitoi kitu

LTC3588 ni chipu ya kuvuna umeme wa piezo. Kwa tokeo la volti 3.3 au 3.6 chipu hii husubiri pembejeo ifike karibu volti 5 ndipo ifungue. Kwa 1.8 na 2.5 inafungua kwenye 4. Badili pini za D0 na D1: zote chini ni 1.8, D0 juu peke yake ni 2.5. Saa nyingi za LCD na vihisi vidogo vinaridhika na 2.5. Kwa kapasita ya mikrofaradi 47 na visahani sita, kufika volti 5 ni hatua 130 hivi, bila kuhesabu uvujaji.

Soli: inafanya kazi kwenye sakafu, mchangani haifanyi

Kisahani hakitoi umeme kwa kugandamizwa, kinatoa kwa kupindwa. Kikibandikwa bapa juu ya kitu kigumu hakipindi. Kikilala juu ya mchanga laini kinazama pamoja na soli na bado hakipindi. Kila kisahani kikae juu ya pete ya plastiki yenye tundu la milimita 20, kidonge cha mpira juu yake katikati, na chini ya pete zote bamba gumu la milimita 2. Kidonge kisukume chini ya milimita 1, zaidi ya hapo keramiki inapasuka. Kwenye ndara nyembamba hakuna nafasi ya haya yote. Makubadhi yenye soli ya tabaka mbili yanaweza kubeba.

Kila kisahani kiwe na daraja lake la dayodi nne. Ukiunganisha visahani vya kisigino na vya vidole moja kwa moja, kisigino kinapochaji vidole vinanyonya. Na ukiunga waya kwenye duara jeupe, ncha ya moto isikae zaidi ya sekunde mbili, kwani keramiki iliyochomwa hupoteza tabia yake na hairudi.

Viatu vya majaribio vya chuo cha MIT cha Marekani, vilivyoelezwa mwaka 2001, vilitoa wastani wa miliwati 8.3 kwenye kisigino kwa keramiki iliyotengenezwa maalumu. Soli ya visahani vya vidoli iko mara mia kadhaa chini ya hapo. Na kumbuka viatu vikishinda mlangoni pa msikiti, hakuna kinachoingia na uvujaji hausubiri.

Vitambaa vya kusuguana

Umeme wa msuguano, wa plastiki na nailoni kwenye nguo, unataka hewa kavu. Kwa unyevu wa Lamu chaji hutoroka kabla ya kufika kwenye waya. Ukiuona ukigoma, hakuna hitilafu ya kutafuta.

Tochi ya kutikisa haiwaki

Fungua kwanza uangalie kama ni ya kweli. Zipo nyingi sokoni ambazo zina betri mbili za kitufe zilizofichwa, na kile kinachoteleza ndani ni kipande cha chuma tu. Kijaribu kwa skurubu: kikiwa sumaku kitaishika. Ikiwa ni ya kweli, pima koili, na kama haina muunganiko angalia ncha mbili za waya zinapoungwa, ndipo kutu huanzia. Sumaku iliyobanduka ngozi yake ya nikeli huvimba na kukwama kwenye bomba. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiivae wala kuiweka mfuko wa kifuani.

Kila kitu kinachaji, kifaa kinawaka na kuzimika hapohapo

Kifaa kinataka mkupuo mkubwa kuliko akiba. Mfano: kihisi kinachorusha ujumbe kwa miliampea 10 kwa sekunde 0.02 kinatumia takriban milijouli 0.6. Kushuka kutoka volti 3.3 hadi 2.2 bila kuzimika kunataka kapasita ya angalau mikrofaradi 200, kwa hiyo weka 470. Kwa mikrowati 50 akiba hiyo hurudi baada ya sekunde 12, basi programu ya kihisi irushe kila dakika, si kila sekunde. Taa ya LED ya miliwati 2 haiwezi kukaa inawaka, inaweza kumeta. Saa ya kwazi ndiyo mzigo unaofaa zaidi, hula mikrowati chache, na ndiyo sababu Seiko waliweza kutoa saa ya Thermic mwaka 1998 inayoendeshwa na joto la mkono.

Simu? Betri ya miliampea-saa 4000 ni jouli 53,000 na ushei. Kwa mikrowati 50 ni miaka zaidi ya 33. Anayetaka simu ijae anunue sola, na bangili asiiunganishe na chaja ya ukutani ikiwa mkononi.